Mkono Chini ya Jani la Mgomba

Kitendawili. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja hualikwa karamuni, mwenziwe huitwa chooni.

Hapa Sivakasi, mji wa wachapaji kusini mwa India, hata mtoto wa miaka minne atakitegua kabla hujafunga mdomo: mikono. Wa kulia unakula, unatoa, unapokea, unabariki. Wa kushoto una kazi zake, na kazi hizo hatuzitaji wakati wa chakula. Kiweke karibu kitendawili hicho, tutakihitaji, maana ndicho kilichoingia nyumbani kwa Ponnuthayi na kukaa.

Ponnuthayi alikuwa mpangaji wa picha za kalenda katika kiwanda cha uchapaji cha Annachi. Annachi maana yake kaka mkubwa, na ndivyo alivyoitwa mwenye kiwanda na kila mtu, hata na akina mama walioweza kumzaa. Miaka ishirini na miwili Ponnu alikaa sakafuni mbele ya karatasi nyeupe pana kama mkeka wa mtoto mchanga. Ubavuni aliweka mkebe wa biskuti uliojaa vipande alivyokata kwa mkasi kutoka kalenda za zamani: kasuku, taa za shaba, maua ya yungiyungi, milango, wanawake wenye sari za kila rangi. Alivimwaga karatasini kama mtu anayemwagia kuku mtama, kisha akaanza kuvisogeza kwa ujiti wa ufagio. Hakutia gundi. Gundi ni kiapo, alikuwa akisema, na mtu haapi kabla hajajua anachotaka. Alisogeza, akafumba jicho moja, akapanda juu ya kigoda kutazama kwa juu, akashuka, akasogeza tena. Siku nyingine kipande kilianguka mahali pasipokusudiwa naye akakiacha hapo hapo, kwa sababu kilijua kuliko yeye. Mwisho alisema neno moja: "Imekaa."

Hapo Dinakaran, mwana wa Annachi, alikuja na simu, akapiga picha, akaipeleka kwenye kompyuta kutia majina na namba. Jicho lilikuwa la Ponnu, mashine ya kijana. Wote walikula.

Mumewe, Sudalaimuthu, alifanya kazi ua wa nyuma wa kiwanda hicho hicho, akibana vipande vya bati kwenye vichwa vya kalenda. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Isakki, wa miaka kumi na saba, mwenye jicho la mama yake na ulimi wa bibi yake. Isakki alikuwa amepata nafasi katika chuo cha kuchora kule Madurai, aanze mwezi wa Juni. Karatasi ya chuo ilikaa ndani ya debe la mchele, ambamo panya hawafiki. Kila Jumamosi Ponnu alitia rupia mia mbili pembeni yake.

Basi nyumba nzima ilikuwa inaitazama Juni.

*

Mwezi wa Desemba alikuja Sankaralingam, mwenye duka kubwa la sari kule Tenkasi, kutazama kalenda zake elfu nane kabla hazijafungwa. Alipewa kiti na kahawa. Sudalaimuthu akatundika kalenda moja kwenye msumari.

Ilikuwa picha ya mwanamke amesimama mlangoni, sinia la shaba mkono mmoja, na mwingine ameunyoosha kumkaribisha mgeni kwa majani ya tambuu. Mzee Sankaralingam aliitazama, akanywa kahawa, akaitazama tena. Kikombe kikarudi sahanini polepole.

"Annachi," alisema, "una ugomvi na mimi?"

"Ugomvi wa nini, Mzee?"

"Mtu ananunua sari ya harusi ya binti yake kwangu. Namshukuru, nampa kalenda. Kalenda inampa tambuu kwa mkono wa kushoto. Leo, kesho, keshokutwa, mwaka mzima, mbele ya wakwe zake. Sasa niambie, mimi nauza sari au nagawa laana?"

Annachi aliinuka, akaenda karibu na ukuta kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kweli. Upindo wa sari ulikuwa umehamia bega lisilo lake, na mkono uliotoa ulikuwa wa kushoto.

Kilichotokea ni hiki. Ponnu alimpanga yule mama akitazama upande wa jina la duka. Baadaye Mzee alipiga simu akataka jina lihamie upande wa pili, namba ya simu ipate nafasi. Dinakaran akalihamisha, akaona mama ameligeuzia jina kisogo, akabonyeza kitufe, mama akageuka kama kwenye kioo. Kompyuta haijawahi kula kwa mkono, haijui. Na Dinakaran alikuwa na haraka ya kwenda kutazama kriketi. Wachapaji waliangalia rangi. Wabana bati kazi yao ni utosi wa kalenda, hawaangalii chini. Elfu nane zikapita hivyo.

Annachi alimtazama mwanawe mara moja tu. Dinakaran alikuwa anatazama viatu vyake vipya. Baba akafahamu yote, akageuka, akasema kwa sauti ya kawaida, "Niitieni yule mwanamke."

Ponnu aliingia akijifuta mikono. Aliiona kalenda, akatoa ulimi nje na kuung'ata, kama tunavyofanya tukishtuka.

"Kazi ya nani hii?" aliuliza Annachi.

"Kuipanga ni mimi, Annachi. Lakini mama niliyempanga mimi anatoa kwa mkono wa kulia. Nilimkata mwenyewe. Karatasi haigeuki, ukiigeuza unaona mgongo mweupe. Kipande ninacho mkebeni, nikilete?"

Lilikuwa jambo la kitoto kwa unyoofu wake. Hata Mzee Sankaralingam alitikisa kichwa. Annachi alikunja midomo.

"Mchana huu," alisema. "Mzee, twende kwanza tukale. Tukirudi atatuonyesha hicho kipande chake."

*

Walipokwisha kutoka, Annachi alimwita Sudalaimuthu pembeni, karibu na mapipa ya wino. Hakumtukana. Alimwita mdogo wangu, neno ambalo hakuwahi kumwita.

"Mdogo wangu, kiwanda hiki kesho ni cha Dinakaran. Nani ataagiza kalenda kwa mtu asiyejua kulia na kushoto? Lakini mwanamke wa sakafuni akikosea, watu watasema ni mwanamke wa sakafuni. Habari inaishia hapo." Akatoa sikioni pamba ya kuzuia kelele za mashine, akaitazama, akairudisha. "Msimamizi wa ua wa nyuma anastaafu mwezi huu. Nilikuwa nakufikiria wewe. Binti yako si anakwenda Madurai?"

Sudalaimuthu alirudi kwa mkewe. Ponnu alikuwa amefungua kibweta cha chakula, wali na mchuzi wa ukwaju, amemwekea sehemu yake kwenye kifuniko.

"Achana na hicho kipande," alisema mumewe.

"Niachane nacho kwa nini?"

"Ukishinda leo, kesho tunafukuzwa wawili. Isakki atakwenda Madurai na nini? Na kasuku wako?"

"Nikishindwa nafukuzwa mimi."

"Hufukuzwi. Utakemewa. Kukemewa kunaua?"

"Sudalai, nimekaa kwenye sakafu ile tangu Isakki hajazaliwa. Sina kitu kingine ninachokijua ila hiki, wapi paende nini. Waniambie sijui mkono wa kulia?"

Akala haraka, akaenda bombani kuosha mkono. Foleni ilikuwa ya watu watatu. Aliporudi, mumewe hakuwepo, wali wake umebaki kwenye kifuniko. Mkebe ulikuwa pale pale, umefungwa vizuri, vizuri kuliko alivyoufunga yeye. Aliufungua. Alimwaga kila kitu sakafuni, akatenganisha kasuku na kasuku, taa na taa, kwa ujiti wake, kisha kwa vidole, kisha kwa viganja vyote viwili. Yule mama hakuwemo.

*

"Kilikuwepo asubuhi," alisema mbele yao.

"Wote husema hivyo," alijibu Mzee Sankaralingam. Alikuwa ameshiba, hasira imepungua, imebaki dharau.

Annachi akamgeukia Sudalaimuthu aliyesimama mlangoni na nyundo yake ya bati. "Wewe ni mumewe, huwezi kumsingizia. Umewahi kukiona hicho kipande?"

Sudalaimuthu akaihamishia nyundo mkono wa pili. Ponnu alimtazama, si kwa kumsihi, alimtazama tu kama anavyotazama karatasi yake kabla kitu hakijakaa.

"Siku hizi macho ya mke wangu hayaoni vizuri, Annachi," alisema. "Nyumbani pia anachanganya. Juzi alitia chumvi kwenye kahawa."

Dinakaran akacheka puani. Mzee akasema, "Basi mnaajiri vipofu kupanga picha," na wengine nao wakapata ruhusa ya kucheka.

Chumvi kwenye kahawa. Aliitia miaka kumi na minane iliyopita, wiki ya harusi, kwa utani, na walicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

"Sasa elfu nane hizi nifanyeje, nizichome?" aliuliza Mzee.

Kuchoma karatasi elfu nane ni kuchoma faida ya mwaka. Annachi alimtazama mwanawe, mwanawe akatazama kompyuta, kompyuta haikuwa na jibu kwa kitu kilichokwisha chapwa. Mwisho macho yote yakarudi kwa kipofu.

"Tengeneza ulichoharibu," alisema Annachi.

Ponnu angeweza kukataa. Lakini mkono una tabia zake. Aliiteremsha kalenda, akailaza sakafuni, akachuchumaa. Wanaume watatu walisimama juu yake, kivuli cha tumbo la Mzee kikaanguka kwenye picha, akamwomba asogee. Akasogea.

Aliweka taa ya shaba juu ya ule mkono. Taa ilifunika, lakini ikafanana na mtu aliyesimama mbele ya mtu. Akaiondoa. Akaweka tausi, tausi akala sari yote kwa rangi zake, jicho halikutaka tena kumtazama mama. Akaweka mayungiyungi matatu, yakaelea hewani kama yamerushwa. Mzee akaguna. Ponnu hakumsikia. Alifumba jicho moja. Mlango kwenye picha ulikuwa mtupu upande mmoja, na utupu ule ulikuwa unavuta, kama jino lililong'oka linavyovuta ulimi. Mlango wa sherehe hausimami peke yake, hufungiwa mgomba kila upande. Akakata jani la mgomba kutoka picha nyingine, refu, lenye kuinama, akalishusha kutoka juu ya mlango mpaka likafunika mkono kuanzia kiwikoni hadi vidoleni.

Ghafla yule mama alikuwa anatokea nyuma ya jani, na kilichobaki mbele ni sinia tu, analitoa kwa mkono wa kulia. Sinia ambalo mwanzo lilikuwa limeshikwa tu, sasa lilikuwa linatolewa. Mlango ukawa mlango wa harusi. Jina la duka likapata kivuli cha kupumzikia.

Mzee Sankaralingam aliinama, magoti yakalia. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hii," alisema, "ni nzuri kuliko ile niliyolipia."

Dinakaran alikuwa ameshatoa simu, anapiga picha. "Nitachapa majani elfu nane leo jioni," alisema.

"Kijana ana jicho," Mzee alimwambia Annachi walipokuwa wakitoka. "Mwangalie asikuache akaenda Chennai."

Ponnu alibaki amechuchumaa. Hakusema "Imekaa". Hakuna aliyemuuliza.

*

Kubandika majani elfu nane kulichukua siku kumi na moja. Kazi waliifanya wanawake sita pamoja na Ponnu, na Isakki akaja kumsaidia mama yake. Wale sita walilipwa. Ponnu hakulipwa, ilikuwa adhabu, na chakula akaja nacho.

Sudalaimuthu alikuwa msimamizi sasa. Alivaa shati lenye mfuko wa kalamu, na ndani ya mfuko mlikuwa na kalamu. Gundi iliyopikwa ua wa nyuma kwa unga wa ngano ilikuwa chini yake, na asubuhi ya kwanza alileta ndoo mwenyewe, akaiweka katikati yao.

Ponnu alitia kidole. Gundi ilikuwa nyeupe pepepe.

Gundi ya Sivakasi haiwi nyeupe. Hutiwa mrututu, yale mawe ya buluu yenye sumu, yaliyosagwa, mpaka iwe na rangi ya anga la asubuhi, kwa sababu unga ni chakula na mende hawana kazi nyingine. Lakini mrututu ulikuwa umepanda bei, na msimamizi mpya alitaka mwezi wake wa kwanza Annachi aone amebana matumizi.

"Sudalai," alianza Ponnu, "gundi hii nyeupe, haija..."

"Tangu lini wewe unaona rangi?" alisema mumewe kwa sauti, kwa kuwa Annachi alikuwa anapita. "Jana hukujua mkono wa kulia, leo umekuwa mwalimu wa gundi? Bandika, mama. Na uulize wenzako juu ni wapi, usije ukalibandika miguuni."

Wanawake wakacheka. Mmoja alicheka kwa kumwogopa msimamizi, wengine kwa sababu ilichekesha. Annachi naye alitabasamu akapita.

Ponnu alifunga mdomo. Alichukua jani la kwanza, akalipaka gundi nyeupe, akalishusha juu ya mkono. Kidole gumba kikalainisha kingo. Jani la pili. La tatu. Hakuna aliyebandika vizuri kama yeye, hata mshono hukuuona. Isakki alimwona mama yake akifanya kazi kwa utulivu, akadhani amesamehe.

Siku ya kumi na moja, jani la mwisho lilipokauka, Annachi alimwita. "Macho yako yapumzike sasa, dada. Umetumika sana." Mkebe wa biskuti alibaki nao Dinakaran. Alisema vipande ni vya kalenda za kiwanda, kwa hiyo ni mali ya kiwanda.

*

Sudalaimuthu alileta kalenda moja nyumbani, akaitundika jikoni, juu ya chungu cha unga, pembeni ya ile ya mwaka uliopita ambayo Ponnu aliipenda akakataa kuishusha. Mshahara wa msimamizi uliingia Januari. Katika debe la mchele Jumamosi sasa zilitiwa rupia mia tano. Wakati wa Pongal, sikukuu ya mavuno, walipika wali mtamu wa maziwa, ukachemka ukamwagika upande wa heri, majirani wakashangilia. Sudalaimuthu alimnunulia mkewe sari. Kwa heshima, kutoka duka la Sankaralingam.

Katikati ya Februari, Isakki alikuwa anachemsha maji asubuhi.

"Mama," aliita, "mgomba una kidole."

Jani lilikuwa limeliwa kingo na mende, na kando yake kimechungulia kidole kimoja, cheupe, chenye pete. Kesho yake vilikuwa vitatu. Siku ya nne kiganja kizima kilikuwa nje, kimeshika tambuu, na jani limebaki limening'inia kama gamba la jeraha.

Kule Tenkasi wateja walianza kurudi dukani na kalenda zao zimekunjwa. Mama mmoja, posa ya bintiye ilikuwa imevunjika wiki ile, aliirusha kalenda juu ya meza ya Mzee akamtemea mate. Mzee Sankaralingam hakuja kiwandani safari hii. Alipiga simu tu. Annachi akashuka ua wa nyuma, akauliza nani anasimamia gundi.

Sudalaimuthu alifika nyumbani saa tano asubuhi, na kibweta chake cha chakula hakijafunguliwa. Shati lilikuwa halina kalamu. Alisimama jikoni mbele ya ule mkono. Isakki alikuwa anasaga nazi, akaacha.

"Wamenifukuza. Mshahara wa miezi miwili wanaukata," alisema. "Na niwarudishie walichonipa." Kisha, kama mtu anayezungumza na ukuta, "Mbona ile ya mwaka jana haijaliwa?"

Ponnu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Kitendawili," alimwambia Isakki. "Bwana harusi mweupe, bila joho la buluu haendi ukweni."

Isakki alifikiri. Alikuwa hodari wa vitendawili tangu utotoni. "Mweupe ni gundi," alisema. "Joho la buluu..." Akaitazama kalenda ya mwaka jana, ambako kwenye ukingo wa bati gundi iliyovuja ilikuwa imekauka na rangi ya anga. Akaitazama mpya. "Mrututu."

"Umekitegua."

"Mama, ulijua? Siku zote kumi na moja?"

"Mimi macho yangu mabovu. Muulize baba yako."

Sudalaimuthu aliketi chini kwa kuuegemea mlango. Ponnu aliendelea kutoa mawe kwenye mchele, moja moja, na kuyapanga sakafuni. Aliyapanga vizuri.

Isakki alifungua debe. Alihesabu kilichomo, akakitoa chote, akampa baba yake apeleke kiwandani. Karatasi ya chuo aliiacha mlemle.

*

Juni ilifika, kwa kuwa miezi haina adabu. Isakki alipata kazi katika karakana ya viberiti mtaa wa pili. Kazi ni kupanga njiti kwenye fremu, kila njiti katika mfereji wake, vichwa upande mmoja, zote sawa, hakuna ya kusogeza. Siku ya kwanza alipanga moja kwa mshazari, aone tu itakaaje. Msimamizi alimpiga mgongo wa mkono kwa rula.

Jumamosi alirudi na mshahara wake wa kwanza. Wazazi wake walikuwa wameketi jikoni, kila mmoja upande wake wa ukuta. Aliugawa mara mbili, nusu kwa nusu. Alimkabidhi baba yake fungu lake kwa mkono wa kushoto. Sudalaimuthu aliutazama mkono, akazitazama pesa, akapokea. Alijua anachopokea.

Ponnu aliinamisha uso, asimwone mumewe akiaibika zaidi, na akakunjua upindo wa sari kupokea lake. Isakki akamgeukia mama yake. Akamnyooshea ule ule mkono.